Bei ya Herufi

Nalipwa kwa herufi, si kwa machozi.
Ndivyo alivyonifunza baba, patasi mkononi,
katika ua wa kanisa la Skelby, kaskazini mwa Uingereza,
ambako mvua hulamba mawe
mpaka marehemu wapoteze irabu kwanza, kisha ukoo.

Jumatatu nilimrudishia Walker jina lake.
Wajukuu wanadhani babu yao alitoka kwa watembezi,
watu wa njia kuu na viatu vilivyolika visigino.
Hawakwenda popote.
Ukoo ule ulisimama ndani ya birika,
suruali zimekunjwa hadi magotini,
ukikanyaga sufu katika mkojo uliochacha
ili kitambaa kishikane.
Maili elfu, zote mahali pamoja.
Herufi sita. Habari ya mkojo sikuwaambia.

Jirani yake ni Todd,
yaani mbweha, katika kauli ya kale ya huku.
Herufi nne; familia iliipenda bei.
Alifuga kuku maisha yake yote
na kuku, nasikia, hawakumwamini hata siku moja.

Kwa Webster nilitua patasi.
Maana mkia wa jina lile, hapo kale, ulikuwa wa kike:
mama ameketi kwenye kitanda cha mfumi,
uzi kwenda, uzi kurudi.
Akalirithi mwana, akalirithi mjukuu mwenye ndevu,
kila mwanamume akilivaa kama shati
bila kuuliza nani alilifuma.
Hapa wamelala Webster saba, wanaume watupu.
Pembeni, kwa herufi ndogo: *na mkewe*.
*Na mkewe*. *Na mkewe*.
Hakuna aliyelipia zaidi ya hapo.

Mildred Oldroyd nilimjua kwa macho.
Jina lake ni upole na nguvu, vimefungwa fundo moja.
Nguvu niliiona
siku alipomfukuza mkaguzi wa maziwa kwa koleo la samadi.
Upole, pengine, ulifanya kazi zamu ya usiku.

Nami ni Pinder.
Babu wa babu zangu walikamata ng'ombe waliozurura,
wakawafungia zizini hadi mwenyewe aje na faini.
Sina ng'ombe, sina hata mbuzi.
Naokota herufi zilizopotea,
nazifungia ndani ya jiwe,
na mwenyewe, ndiyo, hulipa.

Isipokuwa huyu wa ukuta wa kaskazini,
chini ya magugu yanayowasha.
Daftari la kanisa lasema: Februari 1811,
mtoto wa kike, ameokotwa langoni.
Kasisi akatazama lango, akaandika Yates,
maana Yates ni lango, basi.
La kwanza akalichukua katika Biblia: Tamar.
Mtende.
Mtende, katika bonde la theluji na kondoo,
ambako hakuna aliyewahi kutema kokwa ya tende.
Alikufa na miaka tisa.

Hakuna aliyenituma.
Herufi kumi, na sijui nimwandikie nani hati ya malipo.
TAMAR imekwisha, imekaa vizuri,
ila R ya mwisho imeinama kidogo.
Leo nimechonga Y:
mguu mmoja, mikono miwili juu,
kama mtoto anayetaka kubebwa.

Mvua imeanza.
Nimelifunika jiwe kwa koti langu.
Kesho narudi kwa A.