Majani Kumi

Kerubo alichuchumaa ukingoni, akaokota jani moja,
akalimwagia maji kwa kiganja.
Tone likakaa juu yake kama shanga,
halikulowesha kitu.
"Tazama manyoya," akaniambia.
Nikavaa miwani:
vinywele vinne vinne vimesimama,
vimeshikana nchani kama waya za kupigia mayai.
"Hili si lile gugu la maua ya zambarau.
Hili halina ua wala mbegu ya kungojea.
Likivunjika, kila kipande ni mama."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, Ruai,
ndege ya mizigo ikishuka kuelekea Embakasi,
na bwawa langu, mita kumi kwa ishirini,
lilikuwa zulia.
Paka wa jirani alilikanyaga akidhani ni nyasi,
akazama mpaka masikio.
Chini yake perege walisongamana
penye kidirisha kilichobaki karibu na bomba,
midomo wazi, wakigombea hewa.

Nikauliza dawa.
"Ipo. Lakini jani likifia majini litaoza,
na kinachooza hunywa pumzi ileile ya samaki wako."

Basi kamba. Odera upande ule, mimi huku,
tukaburuta polepole,
maana ukilipiga linakatika,
na ukilikata umelipanda.
Reki, chandarua kuukuu, ndoo zisizo na tundu.
"Msitupe mtaroni!" Kerubo alirudia hadi sauti ikakauka.
"Mtaro una mto. Mto una watu."
Tukalianika juu ya mawe, mbali na maji,
geuza, geuza, siku tano,
hadi likawa kama majani ya chai.
Magunia thelathini na moja mabichi
yakaisha kuwa mawili.
Sukuma wiki imelalia hayo sasa, na imenawiri, siwezi kukana.

Akafungua daftari.
"Lilifikaje hapa?"
Nikatazama juu.
Nikasema, labda ndege. Korongo hupita hapa,
na miguu yao haina adabu.
Akaandika: ndege.

Kerubo, si ndege.
Nililinunua Barabara ya Ngong
kwa kijana anayeuza matangi ya samaki wa mapambo,
majani kumi ndani ya kikombe cha plastiki,
shilingi mia na hamsini, bila kuomba apunguze,
kwa sababu bwawa lilionekana uchi
na shemeji zangu walikuwa wanakuja Jumapili.
Walilisifu, kwa kweli.
Mmoja alipiga picha.

Sasa kila alfajiri nazunguka na kichujio cha chai:
chini ya ubao, mdomoni mwa bomba,
kwenye kisigino cha gambuti.
Jana matatu.
Leo moja, dogo kama ukucha wa mtoto,
limejibana nyuma ya jiwe
kama mwenye haki ya kuwapo.

Kikombe sijakitupa.
Kipo dirishani, natilia kalamu.
Nimeitoa moja
nikuandikie, Kerubo,
ufute lile neno.