Mabaki ya Sauti

Kazi yangu ni mkasi.
Chini ya jengo la redio, mjini Lviv,
Ostap hunitumia vita vikiwa vibichi
nami navichambua kama mchele:
pumzi hii toa, kikohozi toa,
toa mbwa, toa upepo unaopapasa maikrofoni,
toa Yukhym dereva anayelaani mashimo.
Msikilizaji anywapo chai ya asubuhi
hupewa dakika mbili, safi, zenye idadi ya wafu.

Namjua kwa mistari ya sauti kwenye kioo.
Akisema "hali imetulia kidogo"
mstari hutetemeka kabla ya "kidogo".
Mama yake humpigia kutoka Ternopil: habari za huko?
Naye hujibu: nzuri, mama, nimekula.
Mtu anayelipwa kusema kweli
ana uongo mmoja tu, na huutumia kila jioni.

Mwezi Machi lilikuja faili fupi.
Sekunde arubaini: hatua, mlango wa gari,
kisha kitu ambacho kipimo changu hakikukimudu,
mstari ukagonga dari, ukabaki huko.
Kisha Ostap, akiita jina moja.
Mhariri akauliza: kuna cha kutumia?
Nikasema, sekunde tisa.
Nikazikata. Zikarushwa saa moja asubuhi.

Amerudi na sikio moja.
Hukaa jikoni kwangu akitazama mlango;
birika likianza kulia yuko chini ya meza
kabla sijanyoosha mkono kulizima.
Hurudi na kijiko, kana kwamba ndicho alichokifuata.

"Wewe fundi wa kufuta," aliniambia usiku mmoja,
"nifutie na hapa." Akagusa utosi.
"Si mlipuko. Mlipuko nimeuzoea.
Ni mimi, nikimwambia Yukhym:
simama kidogo, nipate sauti ya kengele."

Kulikuwa na kanisa.
Kengele haikulia.

Jana alikuja Orysia, mjane wa Yukhym,
amebeba chupa ya matango ya siki ndani ya gazeti.
Hakuuliza alikufaje.
Aliuliza kama sauti yake ipo popote,
maana simu iliungua pamoja naye
na mtoto ameanza kuibuni,
kila siku anampa baba sauti nyingine.

Sijawahi kumwambia mtu:
ninavyovikata sivitupi.
Nikafungua. Miaka miwili ya takataka,
vikohozi, milango, mbwa wa vijiji ambavyo havipo tena,
na katikati yake, sekunde nne, Yukhym mzima:
"Barabara gani hii! Hata shetani angeshuka atembee!"

Orysia akacheka, kiganja mdomoni.
Tena, akasema.
Tena.

Huko ngazini Ostap alikuwa amesimama,
ameegemeza mlangoni
lile sikio lisilosikia.