Jina la Boti

Kibirizi, wanawake wakianza kuanika dagaa,
nilipanda paa la boti ya Ntahondi,
nikaifunga antena kwa boliti mbili na mpira wa baiskeli,
nikashusha waya hadi kwenye betri ya taa.

Mwekundu. Mweusi. Fyuzi.

"Watajua nilipo?"
"Kila mwenye simu."
"Hata wa Kalemie?"
"Hata mkeo."
Akakohoa, akatazama injini.

Nikaingiza namba zote tisa, kisha jina
lililopakwa ubavuni kwa rangi iliyobaki ya mlango:
USINIFUATE.

Usiku, Ujiji, simu imeegemea dumu la mawese,
mkewe akaona nukta ikitambaa kuelekea Kongo,
neno lile limeandikwa kando yake.

Akaifuata
mpaka saa kumi alfajiri,
ilipogeuka.