Kidege cha Linköping

Hakikubeba bunduki wala jina,
namba tu, kwa rangi nyeusi, mkiani.
Kazi yake ilikuwa kuiuliza hewa swali.
Rubani Sixten alijikunja ndani
kama mguu katika kiatu cha mtoto.

Mimi nilipiga ribiti za bawa la kushoto,
elfu mbili mia nne na kumi.
Moja ilikaa upande.
"Tayari, Gunborg?" akauliza msimamizi.
Tayari, nikasema.

Januari ile kikapaa juu ya theluji,
kikayumba, tumbo langu nalo likayumba,
kikarudi.
Sixten akaomba kahawa, mkono ukitetemeka.

Leo wajukuu zake wanapasua anga, makombora kwapani.
Watoto wa shule wanapiga makofi.
Mimi, kila wanapopita,
naihesabu ile moja.