Vitunguu Visivyolika

Kila mwezi wa pili, hapa Rubaya, kabla ukungu haujaamka,
hupiga magoti tutani, goti la risasi likinung'unika,
nikafukia vitunguu visivyolika.

Vilikuwa vya marehemu Kyarisiima,
ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, juu ya kabati.
Wiki ya pili baada ya matanga nusura nivikaange.
Kisu kilipogusa ganda nikakumbuka rangi.

Jirani yangu Bitarabeho alicheka mwaka ule wa kwanza:
"Koplo, pensheni imekupanda kichwani?
Ardhi ya viazi unaipa maua?
Maua huungwa kwa chumvi kiasi gani?"
Nikanyamaza. Jeshini nilijifunza mambo mawili,
kuchimba, na kutojibu.

Nimechimba sana katika maisha haya.
Mahandaki. Vyoo vya kambi.
Na mashimo mengine nisiyoyataja mbele ya wajukuu.
Kila nilichofukia kilibaki chini.
Hiki tu ndicho kinachorudi.

Na kina haraka! Hakingoji hata majani yake.
Mvua ya pili tu, udongo unapasuka kama andazi,
kinachomoza kidole, siku ya nne ni ngumi,
siku ya saba ngumi inafunguka:
nyuzi nyekundu zisizo idadi,
kila mmoja na chembe ya manjano kichwani,
mpira wa moto usiounguza mtu.
Mjukuu wangu Ahumuza huzihesabu akienda shule.
Hufika sitini na mbili, kengele ikalia,
kesho akaanza moja.

Mnataka faida? Haya.
Nyuki wamerudi kwenye maharage.
Daktari wa Kabale ameona presha imeshuka,
akauliza natumia dawa gani. Jembe dogo, nikamwambia.
Na usingizi: zamani nililala jicho moja wazi;
siku hizi nikishtuka usiku
ni kusikiliza tu kama mabati yameanza kuimba.
Fedha sijapata. Sijauza hata shina moja.

Mwaka jana mvua ilishuka na hasira,
ikabeba ukingo wangu mzima hadi kwa Bitarabeho.
Kwa udongo kama huo tulishafika kwa mwenyekiti mara tatu,
tukaapizana, tukanyimana moto.
Nikasema safari hii ni polisi.
Kisha goti likauma, sikwenda.

Leo asubuhi ukungu ulipopanda
nikaviona kule chini, katikati ya viazi vyake,
vichwa vitano vyekundu,
kama askari waliopotea njia na hawataki kuuliza.
Bitarabeho alikuwa akipalilia.
Jembe likapanda, likashuka,
likafika kwenye ua la kwanza,
likazunguka.

Akaacha duara, upana wa sahani.
Hakutazama juu.
Nami sikukohoa.