Benchi la Pili

Sindano imevalishwa koti la risasi.
Baba anaipima kwa jicho, mchimbaji wa shaba wa Kilembe,
anayeijua metali kabla hajaishika.
“Mmeficha nini humo?”
“Taa ndogo, mzee. Inakwenda kukagua mifupa.”
“Basi iambieni ishuke polepole.
Huko chini hakuna ngazi.”

Ni Mulago, saa mbili asubuhi.
Tutangoja saa tatu. Anywe maji, chupa mbili,
asiushike mkojo.
Kisha amri ya mwisho, ikatamkwa kama jambo dogo:
leo asipakate watoto,
wala asikae karibu na mwenye mimba.

Nikainuka.

Sikuwa nimemwambia mtu. Wiki kumi na moja,
hata mume wangu alikuwa bado anahesabu kwa vidole.
Nikahamia benchi la pili, kando ya mlango,
nikajifanya nafuata upepo.

Baba akanitazama.
Akaitazama sakafu iliyobaki kati yetu,
akaipima kama zamani baruti ikishawashwa:
unatembea, hukimbii.
Hakusema neno. Akasogea naye, mwisho kabisa wa benchi lake,
bega likagusa ukuta,
kuniongezea nafasi.

Maumivu ya nyonga tuliyaita baridi ya mlimani.
Tulimkanda kwa mafuta ya moto mwaka mzima,
tezi dume ikiwa kimya, ikituma wajumbe usiku.

Kamera ikampitia toka utosi hadi kisigino.
Mifupa ikatokea chembe kwa chembe,
kama unga unaopita kwenye chekeche.
Panapowaka, karatasini huwa peusi:
ubavu wa sita, pingili mbili za kiuno, nyonga.
Daktari akatafuta maneno. Baba akamsaidia.
“Huu ni mshipa,” akasema, kidole juu ya doa.
“Nimefuata mingi. Haukai peke yake.”

Usiku, Kalerwe, tulilipia vyumba viwili.
Ukuta ni mwembamba; nikamsikia akimimina maji,
akikohoa, akinyamaza.
“Kabugho.”
“Baba.”
“Akiwa wa kiume, Baluku. Wa kike, Masika.
Sisi majina yetu hayasubiri mtu afike.”

Nikaweka kiganja ukutani, upande wangu.
Muuguzi alisema kesho mchana
ruhusa kumkumbatia.