Ninaposema "Mimi"

Feni ya ukumbi wa Tononoka
inazunguka kama mtu afanyaye kazi ya deni.
Mbele kuna meza ya kitambaa kijani,
chupa za maji, kipaza sauti chenye kikohozi,
na mswada, kurasa ishirini na nne
zilizobanwa kwa pini iliyoanza kutu.

Asubuhi nzima watu wanapandisha bei.
Kifungu cha tisa kinasema miaka kumi na mitano.
Mzee Shebwana wa Majengo: "Ishirini!"
Mama wa chama cha Likoni: "Thelathini, na kazi ngumu!"
Kijana wa fulana nyekundu, kutoka nyuma:
"Afie ndani! Ufunguo utupwe Kilindini!"
Makofi.
Nami mikono yangu yachota idadi hewani,
inamtilia Umazi machoni,
kumi, ishirini, thelathini,
hadi vidole vinauma kana kwamba nimekuna nazi za harusi.

Umazi hasikii tangu homa ya utotoni.
Alikuwa akifua mashuka Shanzu, nyumba ya wageni,
kwa mtu aliyesema, "Huyu ni kama binti yangu,"
na mtaa mzima ukamwambia: una bahati.

Sitasimulia.
Nilishasimulia mahakamani, siku moja,
baada ya kesi kuahirishwa mara saba:
mara sita hapakuwa na mkalimani,
mara moja nilikuwapo, hakimu hayupo.
Wakili akauliza: kwa nini hakupiga kelele?
Nikatafuta ishara ya swali hilo
isiyomuumiza. Haipo.

Kazi yangu ina sheria moja kubwa:
nikisema "mimi," si mimi.
Ni yeye. Mimi ni mfereji,
na mfereji hauulizwi kama maji yana chumvi.

Mwenyekiti anamwita. Anainama kwenye kipaza sauti,
anaongea polepole, kana kwamba polepole husikika:
"Binti, wewe wataka miaka mingapi?"
Ninasafisha koo, tayari kwa tarakimu.

Umazi haonyeshi tarakimu.
Mikono yake inaanza taratibu,
kama mtu apangaye vyombo vilivyooshwa:

"Mimi sijui kuhesabu miaka ya mtu.
Mimi nahesabu vitu.
Gunia la mchele. Shilingi elfu arobaini.
Mbuzi mmoja, mweusi, sikio limekatwa.
Vililetwa usiku wa Alhamisi.
Wanaume wanne walikaa kwenye mkeka wetu,
nami nikawasoma midomo:
yaishe nyumbani.
Midomo minne, neno lilelile.
Mchele ule niliupika mimi."

Hapo sauti yangu inateleza.
Nameza mate, narudi mferejini.

"Nimesomewa mswada wenu wote, jioni mbili.
Aliyenishika nimemwona, ana kurasa zake.
Ukurasa wa aliyepokea mbuzi uko wapi?
Huyo mwampa mingapi?"

Hakuna anayepandisha bei.
Mstari wa tatu, mjomba wake, kanzu imepigwa pasi,
anatafuta kitu chini ya kiti.
Mzee Shebwana wa ishirini avua miwani,
aifuta, na ilikuwa safi.
Kijana wa fulana nyekundu
asoma ujumbe kwenye simu iliyozimwa.
"Imenakiliwa," asema mwenyekiti.
Afungua chupa. Hanywi.

Umazi amekwisha kuketi. Anajifunga leso vizuri,
ananiuliza kwa kidole kimoja
kama chai itatolewa.

Karani ananijia na daftari, ananong'ona:
hayo maneno ya mwisho, niandike ni ya nani?
Namwonyesha Umazi.
Sikumwambia kwa nini lile "mimi" lilinikwama,
kwamba kwetu Mtongwe, mwaka wa dada yangu Mwanasiti,
mbuzi hakuwapo.
Zililetwa kreti mbili za soda.
Nilikuwa na miaka tisa.
Yangu ilikuwa ya machungwa, baridi sana,
na niliomba ya pili.